Hitilafu Si Tukio

Wiki iliyopita mliniacha nimeketi juu ya maranda ya mbao katika karakana ya rafiki yangu seremala. Kitanda nilichokuwa nalalia kilikuwa kimepata mnunuzi na kuondoka na shuka langu juu yake. Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza nitafupisha, maana balaa zangu zikisimuliwa zote zitakula gazeti zima mpaka ukurasa wa michezo.

Wezi waliingia nyumbani kwetu wakabeba televisheni na pasi. Nami nikaapa hawatarudi. Nikafunga alamu, ile ya vijicho ukutani, kibao cha namba sebuleni na kingine jikoni, na ujumbe kwenye simu kila kitu kinapotikisika.

Basi kila nilipopata ujumbe nilimpigia mke wangu. Nani amefungua mlango wa nyuma? Naanika nguo, anajibu. Na dirisha la jikoni? Napika, kuna moshi. Na nani anatembea koridoni? Mimi, mume wangu, ninakwenda chooni.

Siku moja nilirudi nikakuta begi langu barazani. Mimi ni mwalimu wa udereva, na gari letu la kufundishia lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yangu. Mke wangu alisimama mlangoni akaniambia neno ambalo sijalisahau.

"Umezoea kukanyaga breki ya mwenzako. Mimi si mwanafunzi wako. Niondolee mguu."

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea, na ndiye aliyekwenda kuniombea. Alirudi na sharti. Nisimpigie mke wangu simu, nisikanyage mtaani kwake, mpaka kikao cha Jumapili hii. Nikiweza, tutazungumza nirudi. Nikishindwa, nitaletewa vitu vyangu vilivyobaki na mambo yaishie hapo. Shangazi alinishika sikio kama zamani akasema atanisemea, kazi yangu ni moja tu, kutulia.

Sasa sikilizeni mkosi wangu ulivyo na akili. Niliondolewa nyumbani, lakini namba yangu haikuondolewa kwenye alamu. Akiingia mwizi, taarifa inakwenda kwangu na kwa mke wangu. Lakini hitilafu, yaani kifaa chenyewe kinapougua, zinakuja kwangu peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyejiandikisha kuwa mwangalizi wake. Kila umeme ukikatika, na siku hizi unakatika kama una ugomvi na mimi, simu yangu inabweka.

Ndiyo, inabweka. Hatuna mbwa, kwa hiyo nilichagua mlio wa mbwa. Mke wangu aliuchukia kuliko alivyowachukia wezi. Ulibweka benki, ulibweka msibani, na siku moja ulibweka daktari akiwa anamsikiliza mapigo ya moyo.

Ijumaa hii ilibaki Jumamosi tu katikati, nifike Jumapili yangu. Nilikuwa barabarani na mwanafunzi wangu, mama mmoja mshonaji aliyeamua kujifunza gari baada ya binti zake wote kuolewa. Tulikuwa tunaingia mzunguko mfuko wa shati ulipobweka. Mama akaachia klachi, gari likazima katikati ya magari ya watu wenye haraka zao.

"Mwalimu," akasema, "una mbwa mfukoni?"

Nikasoma. Hitilafu: umeme wa nyumba umekatika. Nikamwambia awashe gari, tuendelee. Nilijisifu moyoni kwa jinsi nilivyopokea jambo lile kiume.

Hatujafika mbali ikabweka tena. Hitilafu: betri dhaifu. Halafu ikawa haina adabu kabisa. Hitilafu: mawasiliano na dirisha la jikoni yamepotea. Hitilafu: mawasiliano na mlango wa mbele yamepotea. Hitilafu: mlango wa nyuma umefunguka. Hitilafu: mlango wa nyuma umefungwa.

Mke wangu anauza dawa famasi, na saa zile huwa kazini. Nani basi alikuwa anafungua na kufunga mlango wa nyuma? Nikahisi mguu wangu wa kulia ukitafuta breki, na gari lilikuwa limesimama.

Nikapiga simu kwa watu wa alamu. Akapokea mwanamke mwenye sauti tamu ya mtu ambaye ofisini kwake umeme upo.

"Ndugu mteja, hiyo ni hitilafu, si tukio," akasema. "Betri ikidhoofika, kifaa kinaanza kuweweseka. Kinaweza kusema mlango umefunguka na haujafunguka."

Nikamuuliza tukio litatokea lini. Akasema tukio ni mtu akiingia. Na betri ikiisha kabisa, je, mtu akiingia? Akasema hapo hakutakuwa na taarifa yoyote. Yaani, dada, kifaa kinanisumbua kikiwa hakina neno, na siku kikiwa na neno kitanyamaza? Akasema nisubiri umeme urudi, kikipata umeme kitaamka kama kilivyolala.

Nilishika kichwa. Nikamwomba angalau aiondoe namba yangu, kama nilivyowahi kuomba siku za kwanza, maana kwa hali yangu kila ujumbe ni mtihani. Akabofyabofya mashine yake.

"Hilo ombi uliwahi kulileta," akasema. "Tulipiga nyumbani kuuliza. Wakasema namba yako ibaki."

Wakasema namba yangu ibaki! Ndugu wasomaji, katika wiki zote hizi hakuna aliyenipa neno tamu kama lile. Nikakata simu nikitabasamu peke yangu. Mwanamke asiyekutaka hakuachi kwenye alamu yake.

Nikampigia shangazi nimweleze, pia nimwombe apite pale nyumbani atupie jicho. Haipatikani. Nikarudia, haipatikani. Hilo lilinishangaza kidogo, kwa sababu kwake ni jirani na hospitali kubwa na umeme haukatiki hata mvua ikinyesha mawe. Simu yake kuzimika hivi hivi si kawaida. Lakini mtu mwenye moto nguoni hana muda wa kushangaa sana, nikaliacha.

"Mwalimu, turudi uwanjani nifanye zoezi la kuegesha," akasema mama mshonaji.

"Turudi," nikasema, na nilikuwa nasema kweli.

Mbwa akabweka mara moja ya mwisho. Betri imekwisha. Kifaa kinazima.

Baada ya hapo ikawa kimya. Niliweza kuvumilia kelele zote zile, Mungu ni shahidi, na tulikuwa tumeshauona uzio wa uwanja. Kimya ndicho kilichonishinda. Nilikuwa naiona nyumba yangu imelala kinywa wazi, bila mtu, bila alamu, na wezi wanaijua njia.

"Kata kushoto," nikamwambia mama.

Akakata. Nikasema kulia, akakata kulia. Nikasema kushoto tena. Mama mshonaji ana macho ya kupima nguo, hapotezwi kirahisi. Akasema hii si njia ya uwanjani. Nikamwambia ni zoezi la mitaa myembamba, liko kwenye mtihani.

"Mtaa huu ndio ule uliokatazwa kuukanyaga?" akaniuliza. Nami nilikuwa nimemsimulia habari zangu zote, kwa sababu gari la kufundishia ni mahali pa siri kuliko kwa kinyozi.

"Sitaukanyaga, mama. Nitauangalia."

Akasimamisha gari mtaa wa pili yake, vizuri kabisa, bila kugusa ukingo. Akanitazama nikishuka. "Mwalimu, mimi nikikosea unakanyaga breki. Wewe ukikosea nani anakanyaga?"

Nilifunga mlango wa gari taratibu.

Nilipita uchochoro wa nyuma nikachungulia juu ya ukuta. Nilijiambia nikiona kila kitu kimefungwa ninageuka papo hapo. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na pazia linapepea nje.

Haikuwa hitilafu, basi. Nikaruka ukuta, nikapenya dirishani, na kwa umri wangu mtu hapenyi dirishani, anasukumwa na hasira. Nilitua kwenye sinki. Nikatulia kusikiliza. Hakuna mtu.

Televisheni mpya ipo. Pasi ipo. Hakuna kilichoguswa. Nilitaka kutoka kwa njia niliyoingilia, na laiti ningetoka hapo, ningekuwa nawasimulia hadithi nyingine leo. Ila macho yangu yalikuwa yameshaona vyombo vilivyooshwa. Vikombe viwili, sahani mbili, vijiko viwili.

Nikaingia chumba cha wageni. Kitanda kimetandikwa, na chumba kinanuka dawa ya kuchua misuli. Chini ya kitanda kulikuwa na kandambili za bluu, kubwa. Nikavua kiatu nikaingiza mguu wangu. Zikanienea.

Wivu ulinipanda mpaka masikio yakawa moto. Kumbe mimi nalala juu ya maranda nikihesabu siku, na kuna mwanamume mwenye miguu kama yangu anajichua misuli chumbani kwangu. Na mlango wa nyuma unaofunguka mchana mke wangu akiwa kazini, sasa nimemjua anayeufungua. Nikakaa sebuleni na kandambili moja mkononi. Nikasema sitoki hapa mpaka nimwone sura.

Ndipo umeme uliporudi.

Friji lilikohoa likaanza kuvuma. Kibao cha namba ukutani kikawaka nyekundu, na nikayakumbuka maneno ya yule dada mwenye sauti tamu. Kitaamka kama kilivyolala. Kililala kimetegwa.

King'ora kilipasuka juu ya kichwa changu. Hapo hapo mfuko ukabweka, na kwa mara ya kwanza tangu niinunue, alamu yangu ikanitumia neno nililolingoja miezi yote. Tukio: kuna mtu sebuleni.

Mtu mwenyewe ndiye mimi niliyekuwa nasoma ujumbe.

Nikakimbilia kibao nikabonyeza namba yangu ya siri. Namba si sahihi. Nikabonyeza tena polepole. Namba si sahihi. Mke wangu alikuwa ameibadilisha. Jirani wa ukuta wa kulia alianza kupiga bati na kuita watu. Nikajiona kesho yake nimelala hospitali, nimepigwa kwa kuiba nyumbani kwangu.

King'ora kikanyamaza. Nilidhani umeme umekatika tena, lakini friji lilikuwa linavuma. Simu ikabweka mkononi. Kengele imezimwa na mtumiaji wa tatu.

Watumiaji tulikuwa wawili tu, mimi na mke wangu. Huyu wa tatu alikuwa jikoni, penye kibao cha pili, na nilimsikia akijibizana na jirani dirishani, akimwambia hakuna kitu, ni umeme tu umerudi kwa kishindo, asante sana baba. Sauti ile naijua tangu sijaota meno.

Shangazi aliingia sebuleni na simu mkono mmoja, waya wa chaji mkono mwingine. Akanitazama, akaitazama ile kandambili niliyoishika.

"Hiyo ni yangu," akasema. "Nani amekuita hapa?"

Miguu mikubwa ni ya ukoo wetu. Marehemu baba alikuwa akiazima viatu vya dada yake. Nililisahau hilo saa niliyopaswa kulikumbuka.

Nikamuuliza kama anaishi hapa. Akasema ndiyo, tangu wiki niliyotoka.

"Mwenzako alikuwa anaogopa kulala peke yake. Hakuwa mwoga yule. Wewe ndiye uliyemfundisha kuogopa."

Nikapandisha sauti, sikukusudia. Nikamwambia amenidanganya, kila nilipompigia alisema yuko kwake na ananisemea, kumbe amehamia upande wa pili.

"Nilikuwa nakusemea," akasema. "Kila jioni, tukichambua mboga. Ungetaka nikusemee kwa mbali?"

Akaketi, maana magoti yake yanamsumbua, na ile dawa ya kuchua ni ya hayo magoti. Akaanza kusema taratibu, na natamani angefoka.

Alisema mke wangu alitaka namba yangu iondolewe siku ile ile ya kwanza. Watu wa alamu walipopiga simu kuuliza, yeye shangazi ndiye aliyesema ibaki. Alimwambia mke wangu amwache huyu apate kila taarifa, mlango, dirisha, betri, zote. Akizipata zote na asije, alimwambia, ujue amepona. Akija, nitakusaidia mwenyewe kufunga vitu vyake.

"Nilikudhamini kwa mdomo wangu huu," akasema. "Asubuhi redio ilipotangaza umeme utakatika, mwenzako alinitazama, akasema, shangazi, leo tutamjua. Akaenda kazini. Tangu ulipokatika naingia na kutoka, nachungulia uchochoroni, hujaja. Hukuja, mwanangu! Nikafurahi kama nimezaa. Simu yangu imezima, nikaenda duka lenye jenereta nichaji, nimpigie nimwambie umeshinda. Alamu niliitega, ila dirisha nililiacha wazi kwa furaha."

Nilikaa chini sakafuni. Sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Nilitafuta, na kwa kawaida huwa simkosi. Umeme sikuukasirikia, maana ulirudi. Alamu nayo haikunidanganya hata kidogo. Iliposema mlango umefunguka, ulikuwa umefunguka kweli, ni shangazi aliyekuwa akitoka kuona kama nimeshindwa.

Geti la mbele likalia. Mke wangu naye alikuwa amepata ujumbe wa mtu sebuleni, na kutoka famasi si mbali kwa mtu anayekimbia.

Shangazi aliniangalia kwa jicho ambalo sikuweza kulielewa. Akainuka kwa shida, akaninyang'anya kandambili, akanishika mkono mpaka jikoni. Akafungua mlango wa nyuma.

"Sijawahi kumdanganya yule mtoto," akanong'ona. "Nenda kabla sijabadili mawazo."

Nikatoka. Mlango ule una bawaba zinazolia, kwa hiyo sikuthubutu kuusukuma, niliuacha umeegemea. Uchochoroni nilisikia jirani na watu wake bado wanazungumza, hivyo nikajibanza ukutani nyuma ya shuka zilizoanikwa, nikingoja waondoke. Toka hapo nilisikia kila kitu.

Mke wangu aliingia akihema. Akauliza kuna nini, ameandikiwa kuna mtu sebuleni.

"Hitilafu tu, mwanangu," akasema shangazi. "Umeme umerudi, chenyewe kikapiga kelele."

"Hakuna aliyeingia?"

"Nipo peke yangu."

Halafu mke wangu akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo aliitumia zamani akiniuliza kama nimekula.

"Na yeye? Hakuja?"

Nilifumba macho.

"Hakuja."

Mke wangu akacheka. Wasomaji wangu, kicheko kile sikuwa nimekisikia tangu siku ya wezi. Kilitoka chote, cha mtu aliyeshusha mzigo kichwani. Akavuta kiti, akasema hakuamini kama ningeweza kumsikia mbwa wangu yule akibweka vile na nisije. Akasema labda amemkosea mumewe.

"Mpigie, shangazi," akasema. "Mwambie hakuna haja ya kusubiri Jumapili. Aje leo ale chakula cha jioni."

Machozi yalinitoka nyuma ya shuka. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Nitatambaa mpaka pembeni ya ukuta, nitaruka, nitaingia kwenye gari, nitapokea simu ya shangazi nikijifanya nashangaa. Na tangu usiku huo sitauliza mlango wowote umefunguliwa na nani mpaka nife. Nilisogea hatua moja.

Mfukoni mwangu mbwa akabweka.

Nikaibana simu kifuani kwa mikono miwili, akabweka tena kupitia vidoleni. Ujumbe uling'aa mbele ya macho yangu. Hitilafu: mlango wa nyuma haujafungwa.

Kicheko kilikatika. Nikasikia kiti kikisukumwa, kisha viatu vya mke wangu vikija jikoni.